Mizani, Kifundo na Kiuno: Uzito Unaomfaa Askari

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa majeshi ya ulinzi na polisi



Mwezi wa Januari mwaka 2025, tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la utabibu la Lancet la Uingereza ilitoa taarifa yake juu ya unene wa kupindukia. Taarifa hiyo haikuzungumzwa sana mitaani, lakini ndani yake mlikuwa na neno linalomhusu kila mtu avaaye sare. Wataalamu hao walisema kwamba si haki wala si sahihi kumhukumu mtu kuwa ni mnene kupita kiasi, au kwamba ni mgonjwa, kwa kutumia hesabu ya uzito na urefu peke yake. Walitaka kiuno chake nacho kipimwe, na hali halisi ya mwili wake iangaliwe.

Kwa nini neno la matabibu lituhusu sisi? Latuhusu kwa sababu zipo kazi chache sana ambazo mwili wa mtu ndio chombo cha kwanza cha kazi, na uaskari ni mojawapo. Karani akichoka huweka kalamu mezani akanywa chai. Askari aliye doria hawezi kumwomba adui amngoje avute pumzi, wala polisi anayemfukuza mwizi hawezi kuomba mapumziko katikati ya mbio. Bunduki husafishwa kila siku. Buti hung'arishwa kila asubuhi. Basi mwili unaoibeba bunduki hiyo na kuvaa buti hizo nao wastahili kukaguliwa, na mkaguzi wa kwanza ni mwenyewe.

Swali letu la leo ni hili: mtu wa urefu fulani, mwenye umbo fulani la mifupa, yampasa awe na uzito gani ili awe na afya njema?

Nchini mwetu Uganda swali hili limepotoshwa na mambo mawili. Jambo la kwanza ni heshima tunayokipa kitambi. Tangu zamani tumezoea kudhani kwamba tumbo kubwa ni dalili ya cheo, ya mshahara mzuri na ya nyumba yenye amani. Mtu akipandishwa cheo akaanza kunenepa, jamaa zake humpongeza. Husema sasa ameonekana. Hakuna anayemuuliza kama bado aweza kupanda kilima akiwa na mzigo mgongoni.

Jambo la pili ni zito zaidi, na twapaswa kulisema kwa upole. Katika miaka ya 1980 ulizuka wilayani Rakai ugonjwa ambao wananchi waliuita "Slim", kwa sababu mgonjwa alikonda mpaka akabaki ngozi na mifupa. Mwaka 1985 madaktari waliueleza ugonjwa huo kwa jina hilohilo katika jarida hilohilo la Lancet. Ndio ukimwi. Ulitunyang'anya ndugu wengi, na askari wengi miongoni mwao. Jeraha hilo liliacha woga mioyoni mwetu. Mtu akipungua kilo kadhaa, hata kama amepungua kwa mazoezi na kwa hiari yake, watu hunong'ona. Wako wanaoogopa kupunguza tumbo, si kwa sababu ya ulafi, bali kwa kuogopa macho ya jirani.

Hivyo tumekwama baina ya kusifu unene na kuogopa wembamba. Dawa ya kukwama huko ni kipimo, kwa maana kipimo hakina cheo wala hakinong'oni.

Ndugu wasikilizaji, hesabu inayotumika leo duniani kote si ngeni. Ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, bingwa wa elimu ya nyota na takwimu, aliyezaliwa mwaka 1796 katika mji wa Ghent, nchini Ubelgiji. Bwana huyu alitaka kujua mwanadamu wa kawaida amejengwaje. Na alipotafuta watu waliopimwa kwa wingi na kwa uangalifu, aliwapata wapi? Aliwapata jeshini.

Alichukua vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskoti akavipanga, akaona kwamba walio wengi wamekusanyika katikati, na wembamba sana na wapana sana ni wachache pande zote mbili. Akachukua tena orodha ya vijana 100,000 wa Ufaransa walioitwa jeshini. Humo akagundua jambo la ajabu. Walioandikwa kuwa wafupi kuliko sentimita 157, yaani kiwango cha chini cha kuandikishwa, walizidi idadi iliyotarajiwa kwa zaidi ya 2,000. Akakata shauri kwamba watu hao walijifanya wafupi ili waukwepe utumishi. Naam, takwimu ziliwafichua watoro ambao macho ya maofisa hayakuwaona.

Ni Quetelet huyo aliyeonyesha, katika miaka ya 1830, kwamba uzito wa watu wazima hauongezeki sawasawa na urefu tu, bali huongezeka karibu sawa na urefu uliozidishwa kwa urefu. Yeye hakuwa na nia ya kuwatafuta wanene. Lakini mwaka 1972 mtaalamu wa Marekani aitwaye Ancel Keys, pamoja na wenzake, alizilinganisha hesabu mbalimbali kwa kuwapima zaidi ya wanaume 7,000 wa nchi tano, ikiwamo Afrika Kusini. Aliona kwamba hesabu ya Quetelet haishindwi na nyingine, nayo ni rahisi. Baadaye Shirika la Afya Duniani likaikubali.

Sasa chukueni kalamu na karatasi. Nitasema polepole.

Kwanza, pima urefu wako kwa mita, bila viatu, visigino vikiwa ukutani. Pili, zidisha urefu huo kwa urefu huohuo. Tatu, pima uzito wako kwa kilo ukiwa na nguo nyepesi, kisha ugawe uzito huo kwa jibu ulilopata. Basi, hesabu imekwisha.

Tuchukue mfano wa koplo mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 75. Moja nukta saba tano ukizidisha kwa yenyewe utapata 3.06. Ikiwa koplo huyu ana kilo 82, gawa 82 kwa 3.06, utapata karibu 26.8. Hiyo ndiyo namba yake.

Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka hivi. Chini ya 18.5, mtu ana uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi kabla ya kufika 25, uzito wake unafaa. Kuanzia 25 hadi kabla ya 30, amezidi. Kuanzia 30 na kuendelea, ni unene wa kupindukia. Kwa mipaka hiyo, mtu wa sentimita 160 yampasa awe kati ya kilo 47 na kilo 64. Wa sentimita 170 awe kati ya kilo 54 na 72. Wa sentimita 175 awe kati ya kilo 57 na 76. Na wa sentimita 180 awe kati ya kilo 60 na 81. Hesabu hii ni ya watu wazima. Haiwahusu watoto, wala mama mjamzito.

Wazee wengine wanaikumbuka kanuni nyepesi zaidi inayonasibishwa na tabibu Mfaransa Paul Broca wa karne ya 19: chukua urefu wako kwa sentimita, toa 100, kinachobaki ndicho kilo zako. Mtu wa sentimita 170 awe na kilo 70. Kanuni hiyo si mbaya kwa haraka, lakini ichukuliwe kama dari wala si sakafu, hasa kwa watu warefu.

Kwa hesabu hizi koplo wetu wa kilo 82 amezidi. Je, tumwandike katika orodha ya wanene? Tumkatie chakula? Tumnyime kozi? Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na napenda tutulie kidogo.

Mwaka 1942, Marekani ikiwa imeingia katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la majini la nchi hiyo, Albert Behnke, pamoja na mwenzake Welham, waliwapima wachezaji 25 wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mikononi na kupigana vikumbo. Walikuwa wanaume wa miraba minne, wepesi wa mbio na wagumu kama gogo la mvule. Walipolinganishwa na majedwali ya urefu na uzito yaliyotumika wakati huo, 17 kati ya 25 walionekana hawafai kuandikwa jeshini kwa kuwa ni wazito mno!

Behnke hakuridhika. Aliwapima tena wakiwa wamezamishwa majini, kwa sababu mafuta huelea na msuli huzama. Maji yakatoa ushahidi wa kweli: uzito wao ulikuwa wa msuli na mfupa, na mafuta yalikuwa machache. Mizani ilikuwa imesema ukweli kuhusu kilo, lakini ilikuwa haijui kilo hizo ni za kitu gani. Laiti taifa lile lingeliisikiliza mizani peke yake, lingeliwarudisha nyumbani watu wake wenye nguvu kuliko wote.

Nasi tunao ushahidi wa karibu zaidi, ulio upande wa pili wa jambo hilohilo. Mwaka 2009 askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa wakilinda amani mjini Mogadishu, yaani ndugu zetu wa Uganda pamoja na wenzao wa Burundi, walipatwa na ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Miguu ilivimba, pumzi zikabana, moyo ukaenda mbio. Uchunguzi ulihesabu wagonjwa 241, na wanne kati yao walifariki. Ilibainika kwamba ulikuwa ugonjwa wa beriberi, unaoletwa na upungufu wa vitamini B1 katika chakula. Waliopewa vitamini hiyo walipata nafuu.

Hebu tufikiri. Mtu aliyevimba miguu kwa maji, akipanda kwenye mizani, kilo zake hazipungui. Huenda zikaongezeka. Mizani ingemsifu kwamba amenawiri, kumbe moyo wake unashindwa. Basi ndugu zangu, mizani ni shahidi mmoja tu, na shauri la haki haliamuliwi kwa shahidi mmoja.

Shahidi wa pili ni umbo la mifupa. Kuna watu walioumbwa na mifupa membamba, wengine ya wastani, wengine mipana. Hili si jambo la kusingizia, kama afanyavyo mtu mwenye kitambi anayesema, "Mimi mifupa yangu ni mizito." Ni jambo la kupimwa. Kampuni ya bima ya Metropolitan Life ya Marekani, ambayo ilitaka kujua ni nani atakayeishi muda mrefu na ni nani atakayefariki mapema, ilitoa majedwali ya uzito kwa kugawa watu katika maumbo hayo matatu. Majedwali yake ya mwaka 1959 hayakueleza umbo lipimwe vipi, kwa hiyo kila mtu alijichagulia umbo alilolipenda. Katika yale ya mwaka 1983 ndipo ilipowekwa kanuni ya kupima upana wa kisugudi.

Kambini hatuna kifaa cha kupimia kisugudi, lakini twaweza kutumia kifundo cha mkono. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe penye kifundo, mahali pa kufungia saa, upate sentimita zake. Kisha chukua urefu wako kwa sentimita, ugawe kwa sentimita za kifundo. Kwa mwanamume, jibu likizidi 10.4, umbo lake ni jembamba. Likiwa kati ya 9.6 na 10.4, ni la wastani. Likiwa chini ya 9.6, ni pana. Kwa mwanamke, jibu likizidi 11 umbo ni jembamba, kati ya 10.1 na 11 ni la wastani, na chini ya 10.1 ni pana.

Sasa turudi kwa koplo wetu, lakini safari hii tuseme wako wawili. Wote wana sentimita 175, wote wana kilo 82, wote namba yao ni 26.8. Mizani haiwatofautishi. Koplo wa kwanza kifundo chake kina sentimita 19. Gawa 175 kwa 19, unapata 9.2. Umbo lake ni pana. Koplo wa pili kifundo chake kina sentimita 16. Gawa 175 kwa 16, unapata 10.9. Umbo lake ni jembamba.

Katika jedwali lile la mwaka 1983, mwanamume wa urefu wao mwenye umbo pana aliruhusiwa kutoka kilo 72 hadi 82 pamoja na nguo. Mwenye umbo jembamba aliruhusiwa kutoka kilo 65 hadi 70. Basi koplo wa kwanza yuko ukingoni, lakini hajavuka. Koplo wa pili amezidi kwa kilo 12. Kilo 12! Huo ni mzigo wa mkoba uliojaa, anaoubeba mchana na usiku, akilala nao, bila amri ya mkubwa yeyote.

Majedwali hayo yalitokana na watu wa Amerika ya Kaskazini walionunua bima, kwa hiyo tusiyachukue kama sheria iliyoandikwa kwa ajili yetu. Tuchukue maana yake. Ndani ya mipaka ya Shirika la Afya Duniani, mwenye umbo jembamba alenge upande wa chini, mwenye umbo la wastani alenge katikati, na mwenye umbo pana anaweza kukaa upande wa juu bila wasiwasi.

Shahidi wa tatu ndiye mkali kuliko wote, naye ni kiuno. Mafuta yaliyo mapajani na matakoni si ya hatari kama mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo. Hayo ya tumboni ndiyo yanayoandamana na ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Nayo hayaji kwa kishindo. Haba na haba hujaza kibaba.

Namna ya kupima ni hii. Vua mkanda. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Zungusha utepe katikati ya hapo, toa pumzi taratibu, usijibane tumbo, soma namba. Kwa wanaume, sentimita 94 ni onyo, na kuzidi 102 ni hatari kubwa. Kwa wanawake, 80 ni onyo, na kuzidi 88 ni hatari kubwa.

Nimesema vua mkanda kwa makusudi. Askari wengi hudhani kiuno chao hakijabadilika kwa sababu tundu la mkanda ni lilelile la siku za ukuruta. Mkanda huo haupo tena kiunoni. Umeshuka chini ya kitambi, na tumbo limelala juu yake kama gunia juu ya kamba. Mkanda hauna kosa, aliyeushusha anajua.

Na kama huna utepe, tafuta kamba. Simama, kamba ipimwe tangu unyayo hadi utosini, ikatwe. Kisha ikunje katikati, uizungushe kiunoni. Ikikutana, kiuno chako hakijapita nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili njema. Isipokutana, umepokea onyo. Kipimo hiki cha nusu ya urefu kimependekezwa huko Uingereza tangu mwaka 2022, na jeshi la anga la Marekani nalo lilianza mwaka 2023 kuwapima askari wake kiuno kwa kulinganisha na urefu. Kamba moja, isiyogharimu chochote, inamfaa kuruta na jenerali sawasawa.

Tuwapime makoplo wetu kwa kamba. Nusu ya 175 ni 87 na nusu. Koplo wa kwanza kiuno chake ni 84: kamba inakutana. Kilo zake ni za msuli, kama wale wachezaji wa Behnke. Mwacheni afanye kazi. Koplo wa pili kiuno chake ni 101: kamba haikutani. Huyu ahitaji msaada, tena mapema, kabla ya kusikia kiu isiyokwisha au kuanguka gwarideni. Kumbukeni, wote wawili mizani iliwaita kwa jina moja.

Ndugu wasikilizaji, mtu aliyepokea onyo hilo afanye nini? La kwanza, asijinyime chakula kwa pupa. Ancel Keys huyo niliyemtaja aliwahi kuongoza jaribio katika Chuo Kikuu cha Minnesota, miaka ya 1944 na 1945. Wanaume 36 waliojitolea walipewa chakula kidogo kwa muda wa miezi sita, hata wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walidhoofika, wakasikia baridi kila wakati, wakawa wenye huzuni na hasira, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Askari wa namna hiyo hawezi kupewa zamu wala silaha. Kupungua kwa nusu kilo kwa juma kunatosha.

La pili, aangalie anachokunywa kabla ya anachokula. Chupa ya soda ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani kama vijiko 12 vya chai. Bia nayo ni chakula, ingawa wengi huihesabu kuwa maji. Posho na maharagwe si adui. Adui ni mlima wa posho usio na mboga. Dodo, nakati, sukuma wiki na matunda vipate nafasi katika sahani. Kisa cha Mogadishu kimetufundisha kwamba kushiba si kulishwa. Chakula kiwe cha namna nyingi, hata kikiwa kidogo.

La tatu, mazoezi yasiachiwe makuruta. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 angalau kila juma. Kuruta huyapata hayo kwa siku mbili. Anayeyakosa ni ofisa wa mezani, dereva, mtunza ghala na polisi wa kaunta. Na apunguaye asidharau kilo moja. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, juu ya watu wazito wenye maumivu ya magoti, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliyapunguzia magoti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Hesabu mwenyewe hatua za doria ya usiku mmoja.

La nne lawahusu waliopungua bila kutaka. Mtu aliyepoteza sehemu ya ishirini ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja, yaani kilo 3 na nusu kwa mtu wa kilo 70, na hajui sababu, aende akamwone daktari. Yaweza kuwa kifua kikuu, kisukari, ukimwi au jambo jingine. Zamani jibu la hospitali lilikuwa kama hukumu. Leo kifua kikuu kinatibika, na mwenye virusi vya ukimwi anayemeza dawa zake kama alivyoagizwa huishi, hufanya kazi na hulea watoto. Kwa hiyo mficha maradhi, kilio humfichua. Na jirani anayenong'ona juu ya mwenzake aliyepungua aache. Amsindikize zahanati.

Mwisho, neno kwa makamanda na wakuu wa vituo. Siku ya kupima isiwe siku ya kuaibisha. Askari anayechekwa mbele ya wenzake safari ijayo atakwepa mizani, kama wale vijana wa Ufaransa walivyoukwepa urefu wao. Pimeni mashahidi wote watatu: uzito kwa urefu, kifundo na kiuno. Askari mwenye misuli asiadhibiwe kwa kuwa mizani haikumwelewa, na mwenye kitambi asisamehewe kwa kuwa ana cheo. Na mkubwa awe wa kwanza kuvua mkanda. Kikosi kikimwona mkuu wake amezungusha kamba kiunoni mwake, hakitahitaji hotuba ndefu kama hii.

Maana jambo lenyewe, ndugu zangu, ni uhai. Risasi ya adui huonekana inakotoka. Shinikizo la damu na kisukari huingia kambini bila kuulizwa neno la siri, vikamchukua sajini mwenye uzoefu wa miaka 20, akawaacha watoto shuleni na vijana wake bila mwalimu. Taifa haliwezi kumpata mwingine kama yeye kwa mwezi mmoja.

Basi leo jioni, baada ya gwaride, tafuteni kamba. Ikateni kwa urefu wenu, ikunjeni katikati, mzungushe viunoni. Yule ambaye kamba yake imekutana ashukuru na aendelee. Yule ambaye haikukutana asikasirike wala asiitupe. Aitundike mahali atakapoiona kila asubuhi anapovaa sare, na aijaribu tena kila mwisho wa mwezi mpaka ncha zake zikutane.